Kununua Bunduki Kuukuu ya Jeshi kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bunduki ya ziada ya jeshi ni ipi hasa?

Ni bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya askari, ikatumika au ikawekwa ghalani, kisha serikali iliyoimiliki ikaiuza kwa raia baada ya jeshi kupata silaha mpya zaidi. Nyingi zinazopatikana sokoni ni za bolti, yaani zenye komeo la chuma ambalo mpigaji hulivuta na kulisukuma kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Hizi zilikuwa silaha kuu za askari wa miguu kuanzia miaka ya 1890 hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuna pia zinazojipakia zenyewe, kama vile M1 Garand ya Marekani na SKS ya Umoja wa Kisovieti.

Mnunuzi anapaswa kuelewa tangu mwanzo kwamba bunduki ya namna hii si bidhaa mpya yenye dhamana. Mbili za muundo mmoja, zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa, kwa kuwa moja ilikaa ndani ya grisi kwa miaka 60 na nyingine ilibebwa mvuani na kusafishwa vibaya na askari waliochoka. Ndiyo maana maswali mengi hapa chini yanahusu hali ya bunduki moja iliyo mbele yako, wala si sifa za muundo wake kwa jumla.

Je, sheria inaniruhusu?

Swali hili lijibiwe kabla ya kumtafuta muuzaji, na lijibiwe na mamlaka ya mahali unapoishi. Umri wa bunduki hauiondoi katika sheria za silaha katika nchi nyingi: chombo cha mwaka 1916 kinachoweza kufyatua risasi ni silaha kama nyingine. Uingereza, kwa mfano, hudai cheti kutoka polisi na sababu ya msingi ya kumiliki, kama vile uanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na tangu mwaka 1988 imepiga marufuku bunduki zinazojipakia zenyewe zenye risasi za nguvu, hivyo Garand inayofanya kazi haimilikiwi huko kwa cheti cha kawaida. Marekani ina leseni ya mkusanyaji kwa silaha zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili, na huzihesabu zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa za kale. Hata hivyo majimbo yake nayo yana sheria zao, na baadhi ni kali kuliko za taifa.

Uliza pia kuhusu singe, kuhusu idadi ya risasi ambazo magazini inaruhusiwa kubeba, kuhusu kuhifadhi risasi, na kuhusu kusafirisha bunduki kutoka mkoa au nchi moja hadi nyingine. Muuzaji anayekuambia kwamba makaratasi si lazima kwa sababu bunduki ni ya zamani ni wa kuachwa hapo hapo.

Kwa mtu anayeanza, ipi inafaa?

Kwa maoni yangu, bunduki ya kwanza inapaswa kuwa na sifa tatu: iwe ya bolti, itumie risasi ambazo bado zinatengenezwa, na iwe ya muundo uliotengenezwa kwa wingi kiasi kwamba vipuri, maandiko na watu wanaoufahamu hawakosekani. Miundo inayotimiza masharti hayo si michache, lakini kila mmoja una tabia yake.

Mosin-Nagant ya Urusi, iliyokubaliwa mwaka 1891 na kurekebishwa mwaka 1930 kuwa 91/30, ndiyo iliyowaingiza watu wengi katika mambo haya, kwa kuwa ilitengenezwa kwa mamilioni huko Tula na Izhevsk na kwa miaka mingi iliuzwa kwa bei ya chini. Ni ngumu na rahisi kufungua, ingawa bolti yake ni nzito kuendesha na kizuizi chake cha usalama kinahitaji kidole chenye nguvu. Zile zilizojengwa upya na jeshi la Ufini, hasa M39, zilipewa mitutu mizuri na uangalifu mkubwa zaidi; hutambulika kwa herufi SA zilizo ndani ya kisanduku kidogo kilichogongwa kwenye chuma, na hupiga shabaha vizuri kuliko dada zao wa Kisovieti.

Mauser ya mwaka 1898 ndiyo mzazi wa bunduki nyingi za bolti zilizofuata. Kar98k ya Ujerumani ina wapenzi wengi na kwa hiyo pia ina walaghai wengi, lakini vz. 24 ya Chekoslovakia na M48 ya Yugoslavia zina ubora unaokaribiana nayo bila kelele za wakusanyaji. Mauser za Uswidi, M96 na M38, ni za mtindo wa kabla ya 1898 lakini zilitengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, na kwa sababu Uswidi haikuingia vitani katika karne ya 20, nyingi hazikuchakaa. Risasi yake ya 6.5x55 haina msukumo mkali begani na bado inatumiwa sana na wawindaji. Mtu akiniomba nimchagulie moja tu bila kujua lolote jingine kumhusu, ningemwelekeza kwenye Mauser ya Uswidi.

Lee-Enfield ya Uingereza, iwe No. 1 Mk III ya Vita Kuu ya Kwanza au No. 4 ya Vita Kuu ya Pili, ina bolti inayoteleza kwa wepesi kuliko zote nilizotaja na magazini ya risasi 10, mara mbili ya wenzake. K31 ya Uswisi, yaani muundo wa mwaka 1931, huvutwa moja kwa moja nyuma bila kuzungushwa, na usahihi wake huwashangaza wanaoijaribu. Chini ya bamba la kitako cha baadhi ya K31 hukutwa karatasi yenye jina na kikosi cha askari aliyepewa bunduki hiyo. Ukiikuta, irudishe ilipokuwa na uiache hapo.

Kuna nyingine ninazozipenda lakini sizipendekezi kwa mwanzo. Steyr M95 ya Austria hutumia risasi ya 8x56R isiyopatikana kwa urahisi na magazini yake haijai bila klipu yake maalumu, yaani kishikio cha chuma kinachobana risasi pamoja. Carcano ya Italia nayo ina klipu yake, na kati ya 6.5 na 7.35 mnunuzi mgeni huchanganyikiwa. Arisaka ya Japani ina chuma imara sana, ila risasi zake ni adimu.

Kwa nini nifikirie risasi kabla ya bunduki?

Kwa sababu bunduki hununuliwa mara moja na risasi hununuliwa daima. Zamani akiba za majeshi zilimwagika sokoni pamoja na bunduki zenyewe, na watu wakazoea kuona risasi hizo kuwa rahisi. Akiba hizo zimepungua sana, na leo mmiliki wa bunduki yenye risasi adimu hulazimika kujaza maganda mwenyewe au kuitazama ukutani. Kabla ya kulipia, tafuta mahali utakaponunua risasi hizo kihalali na ujue kama zinapatikana mwaka mzima.

Jambo la pili ni majina yanayofanana. Risasi tatu tofauti huitwa 7.62: ile ndefu yenye ukingo ya Mosin-Nagant, iandikwayo 7.62x54R, ile ya NATO, 7.62x51, na ile fupi ya SKS, 7.62x39. Haziingiliani. Ishapore 2A ya India ni Lee-Enfield kwa sura, lakini ilitengenezwa kwa risasi ya NATO wakati karibu ndugu zake wote hutumia risasi ya .303. Vivyo hivyo bunduki ya Ujerumani ya mwaka 1888 iliundwa kwa risasi yenye kipenyo cha takriban milimita 8.08, ilhali risasi ya baadaye ya Mauser ina milimita 8.20, na kulazimisha hii ya pili katika mtutu ambao haukurekebishwa kwa ajili yake huongeza shinikizo kwa kiwango cha hatari. Soma alama zilizogongwa kwenye chuma, kisha mwombe fundi bunduki athibitishe chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwa kuwa alama ya kiwandani haisimulii kilichofanywa na fundi mwingine miaka 40 baadaye.

Nikiishika mkononi, nianze kukagua wapi?

Anza na usalama. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, fungua bolti, tazama ndani ya chemba na magazini kwa macho, kisha ingiza kidole. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekwisha kufanya mbele yako. Muuzaji mwema hatachukizwa.

Kisha uende kwenye mtutu, maana ndiko thamani ya bunduki ya kupigia shabaha iliko. Omba ruhusa ya kutoa bolti na kupitisha kitambaa safi ndani, kwa kuwa mtutu uliojaa grisi unaweza kuficha kutu, na ule uliopakwa mafuta mengi hung'aa hata kama umechimbika. Tazama mwanga kutoka upande wa chemba. Unachotaka kuona ni michirizi ya mzunguko, ile inayoifanya risasi izunguke, yenye kingo kali kutoka mwanzo hadi mwisho. Weusi kidogo katika mifereji si kifo cha bunduki. Mitutu mingi myeusi hupiga vizuri ajabu. Kinachotisha ni vishimo vilivyotapakaa katika chuma, michirizi iliyolainika karibu na chemba, au duara la kivuli lisiloondoka kwa kusafishwa, ambalo huashiria kwamba mtutu uliwahi kuvimba kwa kupigwa ukiwa umeziba.

Mdomo wa mtutu unastahili dakika zake mwenyewe. Askari wengi walisafisha kwa kusukuma fimbo ya chuma kutoka mbele, na fimbo hiyo ilimomonyoa ukingo ambao risasi huugusa mwisho kabla ya kutoka. Chukua risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) na uingize ncha yake mdomoni: ikizama hadi kwenye shingo ya ganda, mdomo umechakaa sana. Katika Mosin-Nagant nyingi utakuta tundu limepanuliwa kwa ndani sentimita chache kutoka mdomoni. Hiyo ilikuwa kazi ya maghala ya jeshi ya kuondoa sehemu iliyochakaa ili michirizi ianzie kwenye chuma kizima, na ikiwa ilifanywa vizuri bunduki hupiga sawasawa. Mkusanyaji huichukia lakini mpiga shabaha hana sababu ya kuikimbia.

Katika Mauser za Uswidi kuna msaada mzuri: duara dogo la shaba kwenye kitako, lililogongwa alama na mafundi wa jeshi kuonyesha upana na hali ya mtutu wakati wa ukaguzi. Liamini kwa kiasi, kwa sababu duara hufungwa kwa skrubu na linaweza kuhamishwa kutoka bunduki nyingine.

Baada ya mtutu, angalia mbao. Nyufa nyuma ya kiunzi cha chuma (sehemu inayobeba bolti na kushika mtutu), mahali ambapo mkono hushika, huashiria kwamba msukumo umekuwa ukipigwa moja kwa moja kwenye mbao. Mbao iliyolowa mafuta ya miaka mingi huwa nyeusi na laini, na ukiibonyeza kwa ukucha huacha alama. Inua mbao ya juu ya mtutu ikiwa muuzaji anakubali, kwani kutu mbaya kuliko zote hujificha chini ya mstari ambapo chuma hukutana na mbao, na hakuna picha itakayokuonyesha hilo.

Mwisho wa ukaguzi, rudisha bolti na uiendeshe. Inapaswa kufunga bila kupigwa. Fyatua ikiwa tupu, kwa ruhusa, na uone kama kizuizi cha usalama kinashika kweli: kifunge, vuta kifyatulio, kisha ukiachilie kizuizi. Pini ya kufyatulia ikiruka wakati huo, kuna ubovu.

Nafasi ya chemba ni nini, na je, ni lazima ipimwe?

Ni umbali kati ya uso wa bolti na mahali ambapo risasi huegemea ikiwa ndani ya chemba. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka kupita kiasi linapopigwa na linaweza kukatika, na gesi moto ikarudi kwa mpigaji. Hupimwa kwa geji za chuma zilizochongwa kwa vipimo halisi: ya kwanza lazima bolti ifunge juu yake, ya pili isifunge. Kwa silaha za jeshi kuna ya tatu, ya uwanjani, inayoonyesha kikomo ambacho hakivukwi kamwe.

Ndiyo, ipimwe, na zaidi ikiwa nambari ya bolti hailingani na ya kiunzi. Gharama ya fundi kwa kazi hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na jicho. Lee-Enfield No. 4 ilirahisishiwa marekebisho haya kwa kuwekewa vichwa vya bolti vinavyobadilishwa, vilivyopigwa nambari 0 hadi 3 kulingana na urefu wake. Ukikuta nambari 3 bado inaacha nafasi kubwa, bunduki hiyo imefika mwisho wa marekebisho.

Nambari zinazolingana zina uzito gani?

Kwa mkusanyaji zina uzito mkubwa, kwa mpiga shabaha uzito wa kati. Kiwanda kiligonga nambari moja kwenye kiunzi, bolti na sehemu nyingine ili kuonyesha kwamba vilipatanishwa pamoja. Zikilingana zote zikiwa zimegongwa hivyo tangu kiwandani, bei hupanda.

Tatizo ni kwamba nambari zinaweza kulinganishwa baadaye. Maghala ya Kisovieti yalifanya hivyo kwa uwazi yalipokuwa yakikarabati silaha baada ya vita: nambari ya zamani ilifutwa au kukatwa mstari, na mpya ikaandikwa kwa kalamu ya umeme. Hilo si udanganyifu, ni historia ya jeshi lenyewe. Kar98k zilizotekwa na Wasovieti na kupitishwa katika maghala hayo mara nyingi hubeba alama ya X, na ni bunduki halali za kununua ilimradi zisiuzwe kwa bei ya zile zilizorudi nyumbani mkobani mwa askari. Udanganyifu ni pale mtu anapogonga nambari kwa vifaa vyake mwenyewe. Tazama umbo la tarakimu: zinapaswa kuwa za aina moja, kina kimoja, na kingo zake ziwe zimezeeka sawa na chuma kilichozizunguka.

Je, alama ya mwagizaji inaharibu bunduki?

Haiharibu matumizi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 iliwataka waagizaji kugonga jina lao na maelezo mengine kwenye silaha, na baadhi walifanya hivyo kwa maandishi makubwa yasiyopendeza. Hupunguza bei kwa mkusanyaji. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, hiyo ni nafuu.

Ni zipi ambazo hazifai kupigwa kabisa?

Hapa naomba msomaji awe makini kuliko mahali pengine popote.

Springfield M1903 zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1918 zina viunzi ambavyo baadhi vilichomwa kupita kiasi wakati wa kufuliwa, kwa sababu mafundi walikadiria joto kwa kuangalia rangi ya chuma. Chuma hicho ni kigumu lakini huvunjika kama kioo kikipata mshtuko. Mpaka unaotambuliwa ni nambari 800,000 kwa kiwanda cha Springfield na 285,507 kwa Rock Island. Si kila kimoja chini ya hapo ni kibovu, ila hakuna njia ya kawaida ya kukitambua kibovu kabla hakijapasuka. Iliyo chini ya nambari hizo ibaki ya kutazamwa.

Ross ya Kanada ya mwaka 1910 ina bolti inayoweza kuunganishwa vibaya baada ya kusafishwa, ikaonekana imefunga ilhali haijafunga, na ikaruka nyuma kuelekea usoni. Lee-Enfield zenye herufi DP zilitengwa kwa ajili ya mazoezi ya gwaride, na baadhi zilitobolewa au zilikuwa zimekataliwa kwa ubovu. Japani ilitengeneza bunduki za mafunzo zinazofanana na Arisaka kwa mbali lakini zina mtutu usio na michirizi na kiunzi cha chuma cha kumiminwa, kwa ajili ya risasi tupu pekee. Watu wameumia kwa kutozitambua. Mwisho, ziko Garand ambazo viunzi vyake vilikatwa na serikali ili visitumike tena, kisha vikaungwa kwa welding na watu binafsi. Tafuta mstari wa kuungia au vipimo visivyonyooka katikati ya kiunzi, na ukitia shaka, acha.

Nitatambuaje ya bandia?

Uongo hufuata bei. Mosin-Nagant zenye darubini ya Kisovieti iitwayo PU zilitengenezwa kweli kwa ajili ya wadunguzi, na nyingine zimetobolewa hivi karibuni na kuwekewa darubini mpya. No. 5 ya Uingereza, ile fupi ya msituni, imeigwa kwa kukata No. 4 na kufunga mdomo wenye umbo la faneli. Ya kweli ina alama zake kwenye kiunzi na imechongwa sehemu fulani za chuma ili kupunguza uzito, kazi ambayo waigaji wengi hawahangaiki kuifanya. Alama za Ujerumani wa wakati wa vita nazo hugongwa upya kwa wingi.

Mnunuzi mpya asinunue chochote ambacho bei yake inategemea alama ya nadra. Hadithi ya muuzaji kwamba bunduki ilikuwa ya afisa fulani katika vita fulani haina thamani bila karatasi, na hata karatasi yenyewe inapaswa kutaja nambari ya bunduki.

Iliyokatwa na kugeuzwa ya kuwindia ni ya kukwepa?

Hapana. Baada ya vita watu wengi walikata mbao, wakafupisha mitutu na kuweka darubini ili kupata bunduki ya bei nafuu ya kuwindia. Thamani ya kihistoria ya bunduki hizo imeshaondoka, lakini mtutu mzuri unabaki kuwa mzuri, na mtu anayetaka kupiga shabaha tu anaweza kupata kwa bei ndogo chombo bora. Ninachoomba kwa dhati ni kwamba usifanye hivyo wewe kwa bunduki iliyo kamili. Kila moja inayokatwa leo haitengenezwi tena popote.

Vipi kuhusu Garand na SKS?

Ni bunduki nzuri, lakini zinadai maarifa zaidi. Garand ilikubaliwa mwaka 1936 na kutengenezwa Marekani hadi mwaka 1957, kwa jumla ya zaidi ya milioni 5. Hupakiwa kwa klipu ya risasi 8, na bolti yake hurudi kwa kishindo ambacho kimevunja kucha za vidole gumba vingi. Fimbo ndefu inayoiendesha huweza kupinda ikitumiwa risasi za kisasa za .30-06 zenye baruti inayoungua polepole, kwa hiyo nunua zile zilizoandikwa kwamba zinaifaa. Kwa raia wa Marekani, taasisi ya Civilian Marksmanship Program huziuza kwa madaraja na huzipima uchakavu wa mtutu mbele ya chemba na wa mdomo, jambo linalomwondolea mnunuzi sehemu kubwa ya wasiwasi.

SKS nyingi zina pini ya kufyatulia isiyo na springi. Pini hiyo ikikwama kwa grisi ya ghalani, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe bolti inapofunga, na kuendelea hivyo mpaka magazini iishe. Fungua bolti, isafishe hadi pini iteleze kwa uzito wake ikitikiswa, na siku ya kwanza weka risasi 2 tu. M59/66 ya Yugoslavia haina kromu ndani ya mtutu, tofauti na za Urusi na nyingi za China, hivyo ikague kutu kwa ukali zaidi.

Grisi ya ghalani huondolewaje?

Kwa joto, kiyeyusho na subira. Vunja bunduki yote, weka sehemu za chuma katika kiyeyusho cha rangi kisicho kikali, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha usugue kwa brashi na kupaka mafuta upya. Mbao hufungwa katika karatasi ya kunyonya na kuachwa juani; grisi hutoka jasho, ukabadilisha karatasi na kurudia. Usiipige msasa: utaondoa mihuri ya wakaguzi na umbo la kingo. Safisha chemba kwa brashi ya shaba, kwani bolti ya Mosin-Nagant inayokwama baada ya kupiga, mara nyingi, ni grisi iliyokauka chembani ikilainika kwa joto na kulishika ganda.

Risasi zinazoozesha mtutu ni zipi?

Ni zile ambazo fataki zake zina klorati ya potasiamu. Zikipigwa huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, nayo huvuta unyevu wa hewani na kuleta kutu kwa muda mfupi, wakati mwingine usiku mmoja tu penye unyevu mwingi. Risasi nyingi za kijeshi za Ulaya Mashariki, na .30-06 nyingi za Marekani za Vita Kuu ya Pili, ni za namna hiyo. GP11 ya Uswisi, risasi ya K31, si ya namna hiyo.

Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huiyeyusha. Siku hiyo hiyo mimina maji ya moto ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba, osha uso wa bolti, kausha kabisa, kisha safisha kwa njia ya kawaida na upake mafuta. Kwa Garand na SKS, silinda ya gesi nayo ioshwe. Usipojua asili ya risasi, zihesabu kuwa zinaozesha.

Naweza kununua kwa picha tu?

Inawezekana, kupitia muuzaji mwenye leseni na pale sheria inaporuhusu, ila omba picha za mdomo, za chemba, za kila nambari na za mtutu ukimulikwa kutoka nyuma. Omba pia haki ya kurudisha baada ya ukaguzi. Muuzaji akisema mtutu ni mzuri kwa umri wake, mwombe aeleze michirizi ikoje.

Nifanye nini kabla ya kupiga mara ya kwanza?

Mpelekee fundi bunduki, hata kama umeikagua vizuri. Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, ukiwa na miwani na vizibo vya masikio, na upige risasi mpya za kiwandani moja moja. Okota kila ganda ulitazame. Mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako chake ni dalili ya nafasi ya chemba iliyozidi. Fataki iliyotoboka au kubanwa bapa ni dalili ya shinikizo au pini mbovu. Ukiona lolote kati ya hayo, simamisha na umpelekee fundi maganda pamoja na bunduki.

Usishangae risasi zikipiga juu kuliko ulikolenga. Vilenga shabaha vya zamani, hasa vya Mauser, vilipangwa kwa umbali mkubwa. Cha chini kabisa cha Mauser ya Uswidi M96 kiliwekwa kwa mita 300. Usichonge cha asili. Funga kirefu zaidi mbele, na cha asili ukiweke katika mfuko wenye nambari ya bunduki.

Ihifadhiwe wapi?

Katika kabati la chuma lenye kufuli, pasipofikiwa na watoto wala wageni, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine. Usiitie kwenye ala ya ngozi au ya sponji kwa muda mrefu, kwa maana hushika unyevu. Paka mafuta membamba, weka vifuko vya kukaushia hewa, na uifute upya kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na kila mara mtu mwingine anapoishika, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi. Nambari yake, picha zake na hati za ununuzi zitunzwe nje ya kabati hilo.